Tutengeneze Nyumba Kwanza, Motokaa ya Umeme Baadaye

Motokaa za umeme si hadithi tena katika nchi yetu ya Uganda. Mwezi wa Novemba 2011 wananchi waliiona Kiira EV, motokaa ndogo ya viti viwili iliyoundwa Chuo Kikuu cha Makerere, ikitembea barabarani pasipo tone la petroli. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye kusaidiwa na nguvu za jua. Leo kiwanda cha Kiira Motors kimesimama Jinja, na ujenzi wake ulikabidhiwa NEC, shirika la uchumi la Jeshi letu. Pamoja na hayo, motokaa za umeme zilizokwisha tumika huko Japani zinaingia nchini, nazo bei yake imeanza kukaribia mfuko wa ofisa na hata wa sajenti aliyerudi kutoka misheni na kuweka akiba yake katika Wazalendo SACCO ama Exodus SACCO.

Kwa sababu hiyo mazungumzo ya mesini na kantini yamebadilika. Watu wanaulizana betri inadumu miaka mingapi, motokaa inakwenda kilometa ngapi, vipuri vinapatikana wapi. Maswali hayo yote ni mema. Lakini swali moja hatulisikii kuulizwa, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: je, nyumba ambayo motokaa hiyo italala imetengenezwa kuipokea?

Yafaa ifahamike kwamba mwenye motokaa ya petroli hujaza tangi kwa dakika tano katika kituo ambacho ulinzi wake, vizima-moto vyake na wafanyakazi wake ni jukumu la mtu mwingine. Mwenye motokaa ya umeme hujaza betri nyumbani kwake, usiku, kwa muda wa saa nyingi, wakati yeye na watoto wamelala. Maana yake ni kwamba nyumba yenyewe imegeuka kuwa kituo cha mafuta. Hakuna askari mwenye akili timamu ambaye angeweka mapipa ya petroli chumbani. Hata hivyo tunawajua wengi ambao wangepitisha waya wa kurefusha dirishani, wakaukanyagisha mlango, wakauchomeka kwenye soketi ya sebuleni, kisha wakalala usingizi.

Birika la umeme hufanya kazi dakika tano likapumzika. Pasi hufanya kazi nusu saa. Chaja ya motokaa huvuta umeme mfululizo tangu magharibi hadi alfajiri, na waya haupati nafasi ya kupoa. Tena joto la waya haliongezeki kwa kiasi kile kile ambacho mkondo umeongezeka, bali kwa mraba wake, jambo ambalo mwanasayansi wa Kiingereza James Joule alilithibitisha tangu miaka ya 1840. Waya uliokuwa ukipitisha ampea 10 ukilazimishwa kupitisha ampea 32, mkondo umezidi mara tatu na kitu, lakini joto limezidi mara kumi. Skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, ambayo kwa birika haikuonyesha dalili yoyote, kwa chaja itaanza kuyeyusha plastiki. Na waya wa kurefusha ulioachwa umevingirishwa kwenye gurudumu lake ni mbaya kupita wote, kwa kuwa kila mzunguko huupasha mwenzake joto.

Basi kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kuhesabu mzigo. Hesabu hii haihitaji mhandisi. Tazama swichi kuu karibu na mita. Imeandikwa idadi ya ampea. Tuseme imeandikwa 60. Chaja kubwa ya ukutani, ile ya kilowati 7 hivi, huvuta ampea 32. Bafu la maji ya moto la kilowati 5.5 huvuta ampea 23 kwa umeme wetu wa volti 240. Birika la kilowati 2 huvuta ampea 8 na zaidi kidogo. Vikiwashwa vyote kwa wakati mmoja ni ampea 63, na bado hatujataja friji, taa, televisheni wala jiko. Mama wa nyumba akiwasha birika saa moja jioni, nyumba nzima itaingia gizani, na lawama itaangukia shirika la umeme pasipo haki. Mwenye nyumba wa namna hiyo ana njia mbili. Aidha aombe kuongezewa uwezo kutoka kwa UEDCL, shirika la taifa lililochukua usambazaji wa umeme tarehe 1 Aprili 2025 baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika, ama afunge chaja ndogo.

Sisi twapendelea njia ya pili, na twasema hivyo tukijua kwamba wauzaji hawatafurahi. Motokaa za Nissan Leaf za toleo la kwanza, zenye betri ya kilowati-saa 24, ambazo ndizo aghalabu watu wa mshahara wetu huziulizia, zina kifaa cha ndani cha kupokea umeme ambacho hakipokei zaidi ya kilowati 3 na kidogo. Mtu akiinunulia motokaa hiyo chaja ya kilowati 7 amenunua bomba nene la kujazia mtungi wenye mdomo mwembamba. Maji hayataingia upesi zaidi. Tumchukue askari akaaye Bombo ambaye kazi yake iko Kampala. Kwenda na kurudi ni kiasi cha kilometa 70. Safari hiyo hula uniti 12 hivi. Chaja ya ampea 10 itazirudisha uniti hizo kwa saa tano au sita, yaani kabla ya jogoo wa pili. Kuna haja gani ya ampea 32? Fedha iliyookolewa iende kwenye waya mzuri, fimbo ya ardhi na swichi ya usalama, vitu ambavyo havionekani na jirani hawezi kuvisifu.

Jambo la plagi tulitaje kwa ufupi. Leaf za kwanza kutoka Japani huchajiwa kwa plagi ya Aina ya 1 yenye pini tano. Za Ulaya hutumia Aina ya 2 yenye pini saba. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Uchina hutumia ile iitwayo GB/T. Hizi haziingiliani. Asinunue mtu chaja kabla hajaiona motokaa yake kwa macho. Vilevile kebo iliyokuja ndani ya buti kutoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa huko, ambao ni volti 100 ama 200. Kibandiko chake kisomwe kabla ya kuchomekwa katika umeme wetu, na kama hakiruhusu volti 240, kebo hiyo iwekwe kando.

Sasa tufikie ardhi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo roho ya shauri zima. Motokaa ni sanduku la chuma lililosimama juu ya mipira. Umeme ukivuja ndani yake, mipira huuzuia usishuke ardhini, na hivyo bodi lote hubaki limeshika umeme likimngoja mtu wa kwanza atakayeligusa huku amesimama kwenye tope. Mtu huyo huenda akawa mtoto anayetafuta mpira wake chini ya gari. Vitu viwili humwokoa. Cha kwanza ni waya wa ardhi ulio mzima, uliofungwa kwenye fimbo ya ardhi iliyokita vizuri. Cha pili ni swichi ya usalama yenye kukata umeme mara uvujapo, na kwa nyumba swichi hiyo lazima iwe ya miliampea 30.

Mafundi wengi wa nyumba zetu huzika kipande cha nondo iliyobaki kwenye ujenzi, wakakifunga waya, wakasema ardhi tayari. Nondo hushika kutu, na baada ya misimu michache ya mvua waya unaning'inia tu. Fimbo ya kweli imepakwa shaba, nayo hupimwa kwa chombo, haikisiwi kwa macho. Kwa kanuni za Kiingereza ambazo elimu ya mafundi wetu imezifuata kwa miaka mingi, kipimo kinachopita omu 200 huhesabiwa kuwa si cha kutegemewa. Na kipimo kichukuliwe wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, kwa maana ardhi iliyolowa humsifu kila fundi. Kama fundi hana chombo cha kupimia, huyo si fundi wa kazi hii, hata kama ni shemeji.

Kuhusu swichi ya usalama, kuna hila moja ambayo hata mafundi wazuri hawajaizoea. Nyumba hutumia mkondo geu, lakini betri ya motokaa hutumia mkondo mnyoofu. Hitilafu ikitokea ndani ya chaja, mkondo mnyoofu kidogo waweza kuvuja na kurudi ndani ya nyumba, nao huipumbaza swichi ya usalama ya kawaida, ile iliyoandikwa AC, ikawa kama mlinzi aliyenyweshwa pombe: yuko lindoni lakini haoni. Kwa hiyo swichi ya chaja iwe ya aina A, pamoja na chaja ambayo yenyewe hugundua mkondo mnyoofu unaofika miliampea 6. Ama iwe ya aina B, ambayo bei yake ni ghali lakini huona yote. Maandishi hayo yamechapwa usoni mwa swichi. Kila anayeweza kusoma namba ya bunduki anaweza kuyasoma.

Njia ya chaja iwe yake peke yake kutoka sanduku la swichi hadi ukutani, isichangiwe na soketi yoyote nyingine. Kwa chaja ya ampea 32 waya wa shaba usipungue milimita 6 za mraba, na kama maegesho yako mbali, upande hadi 10. Waya wa milimita 2.5 uliowekwa kwa ajili ya soketi za kawaida usiguswe kwa kazi hii. Hapa tahadhari: madukani mna waya wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba, nao huuzwa kwa jina la shaba. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, urudishe. Na kwa kuwa sisi tunaokaa karibu na Ziwa Nalubaale tumejaliwa radi kuliko watu wengi duniani, kifaa cha kuzuia mshituko wa radi kwenye sanduku la swichi si anasa.

Tumeulizwa kama motokaa ya umeme yaweza kuchajiwa mvuani. Yaweza, maana plagi zake zimetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo, na chaja ya nje yenye alama ya IP54 au zaidi huvumilia mvua. Kisichoweza ni soketi ya sebuleni iliyohamishiwa barazani.

Kazi yote hii ifanywe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme (ERA). Kibali kina daraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi iliyoruhusiwa; mwenye nyumba anayo haki ya kuomba kukiona, kama vile polisi wa barabarani anavyoomba leseni ya dereva. Twashangaa kuona askari polisi anayemsimamisha dereva asiye na leseni mchana, jioni anamwita kijana wa mtaani asiye na karatasi yoyote kufungua sanduku la swichi ambalo familia yake inalitegemea.

Kwa ndugu zetu ambao hawana motokaa ya umeme, na huenda hawatakuwa nayo kwa miaka kumi, tunalo neno pia, na pengine wao ndio watakaofaidika zaidi. Kama unajenga sasa, kabla hujamwaga zege la ua, tandika bomba la plastiki la milimita 32 kutoka mahali sanduku la swichi litakapokaa hadi mahali motokaa itakaposimama. Lizikwe zaidi ya nusu meta chini, kona zake ziwe za mviringo, si za kuvunja, na ndani yake uache kamba imara ya kuvutia waya siku za mbele. Juu ya bomba weka utepe wa onyo, ili yule atakayechimba shimo la mpapai asije akaukata waya. Katika sanduku la swichi acha nafasi mbili tupu. Gharama yake leo ni ya bomba na kibarua wa siku moja. Gharama ya kuvunja zege na kuchimbua ukuta baadaye tunaiacha mwenyewe uikadirie. Bomba hilo halina hasara hata usipolitumia kwa motokaa. Litapitisha waya wa pampu ya maji, wa taa za ulinzi, ama wa pikipiki za umeme ambazo vijana wa boda boda wamekwisha kuanza kuziendesha Kampala.

Wale wakaao kambini wako katika hali nyingine. Nyumba ya serikali si ya kutobolewa kuta kwa hiari ya mkaaji, na waya zake zilikusudiwa taa na redio, si motokaa. Katika zile nyumba za mabati ya duara ambazo wenyeji wa kambi huziita mama ingia pole, hata pasi ni mzigo. Mtu akivuta waya kutoka huko hadi motokaa, akiba ya usalama ya safu nzima imekwisha, na moto wa nyumba moja ni moto wa nyumba ishirini. Tena iko hatari ya sheria. Sheria ya Umeme iliyorekebishwa mwaka 2022 iliongeza adhabu za wizi wa umeme, nayo haikuwatenga wenye sare. Itakuwa fedheha isiyosemeka kwa polisi aliyetumwa kukamata waliojiunganishia umeme kijijini akaambiwa na mshitakiwa, Afande, na ule wa kwako?

Maoni yetu ni kwamba makamanda wasisubiri mpaka motokaa ya kwanza iingie kambini usiku kwa siri. Itengwe sehemu moja ya kuchajia karibu na lango la kikosi, mbali na ghala la silaha na tangi la mafuta, yenye mita yake na daftari lake, ili kila mtu alipe uniti alizotumia. Jeshi linao wahandisi wake, na Polisi wanayo Kurugenzi ya Zimamoto na Uokoaji ambayo maofisa wake wangeweza kukagua sehemu hiyo kabla haijafunguliwa. Haya hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Umeme nao upo: Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa Septemba 2024, ikaongezwa juu ya Bujagali, Isimba na lile bwawa la zamani la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954. Tatizo letu leo haliko mtoni. Liko katika ile nguzo ya mtaa na waya mwembamba uingiao nyumbani, na ndiyo maana twasihi kuchaji kuanze baada ya saa sita usiku, wakati majiko na televisheni za mtaa mzima zimekwisha kuzimwa. Chaja nyingi na motokaa nyingi zina saa ya kujiwasha zenyewe.

Limebaki jambo ambalo halimpati raia wa kawaida kama linavyotupata sisi. Raia akifunga chaja, yuko nyumbani kuilinda. Askari wetu yumkini yuko Mogadishu, ambako majeshi yetu yamekuwa tangu Machi 2007, ama yuko msituni ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ilhali chaja imebaki na mke, watoto na bibi mzaa mama. Nyumba yenye chaja yapasa ipewe mafunzo kama kikosi kinavyopewa. Mke ajue swichi ya chaja ni ipi kati ya zote na aizime mara tatu mbele yako, mchana na gizani. Ajue kubonyeza kile kidude cha kujaribia swichi ya usalama. Isipokata, motokaa isichomekwe mpaka fundi aje. Watoto wajue kwamba plagi yenye joto la kuunguza kidole ni habari ya kuletwa kwa mama mara moja, si siri. Wote wajue kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji kabla umeme haujakatwa, na kwamba namba ni 999 ama 112. Jirani mmoja mwaminifu naye aonyeshwe.

Ikiwa utaondoka kwa miezi mingi na hakuna atakayeiendesha motokaa, usiiache imechomekwa kama taa ya baraza. Iache betri yake ikiwa nusu, zima njia ya chaja kwenye sanduku la swichi, na uandike kwa kalamu ya rangi nyekundu juu ya swichi hiyo ni ya nini. Na ufunguo wa sanduku ubaki nyumbani; tumesikia vya kutosha habari za funguo zilizosafiri hadi Somalia ndani ya mfuko wa kombati.